Jinsi PostgreSQL Ilivyoacha Kuandika kwa Mkupuo

Hifadhidata ya PostgreSQL haibadilishi data moja kwa moja kwenye diski, bali huichukua kwa kurasa za kilobaiti 8 na kuziweka kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayotumiwa kwa pamoja na michakato yote ya seva. Ukurasa uliobadilishwa humo lakini haujaandikwa diskini huitwa ukurasa mchafu, na kwa miaka mingi watengenezaji wa programu hii walishughulishwa na suala la nani auandike, na lini.

Kabla ya toleo la 8.0, lililotoka Januari 2005, mchakato wa mtumiaji uliokosa nafasi kwenye bafa ulilazimika kwanza kuandika ukurasa mchafu wa mwingine, na kurasa zilizobaki zilisubiri chekipointi, yaani hatua ambapo kurasa zote chafu hupelekwa diskini ili seva ikizimika ghafla isirudie sehemu ndefu ya logi ya mabadiliko. Wasimamizi wa enzi hiyo waliteseka sana, kwani ombi lililozoea kujibiwa kwa milisekunde chache lilikwama kila chekipointi ilipowadia, kisha hali ikatulia kabla chanzo hakijaonekana.

Katika toleo hilo Jan Wieck alileta mchakato wa uandishi wa chinichini, unaoamka kila milisekunde 200 na kuandika kurasa chache mapema. Lilikuwa wazo zuri, ila msimamizi alitakiwa kubashiri asilimia ya bafa ya kukaguliwa: akiizidisha, ukurasa uleule uliandikwa mara nyingi bure, akiipunguza, mkupuo ulirudi palepale. Mageuzi halisi yalikuja na toleo la 8.3, mwaka 2008, ambapo Itagaki Takahiro na Heikki Linnakangas waliutawanya uandishi wa chekipointi katika muda wa kuingojea inayofuata, huku Greg Smith na Itagaki wakiuwezesha mchakato wa chinichini kukadiria mahitaji kutokana na matumizi ya karibuni, na zile asilimia, kwa faraja kubwa ya wasimamizi, zikaondolewa.

Mwaka 2012 chekipointi ilipewa mchakato wake, na toleo la 14 la mwaka 2021 likapandisha kiwango chaguomsingi cha kutawanya, yaani sehemu ya muda kati ya chekipointi inayotumika kuandika, kutoka 0.5 hadi 0.9. Kikomo chaguomsingi cha kurasa 100 kwa kila mzunguko wa mchakato wa chinichini, hata hivyo, kimebaki vilevile, na kwa mizunguko mitano kwa sekunde hakiruhusu zaidi ya takriban megabaiti 4 kila sekunde, kiasi kidogo mno kwa diski za kisasa. Hivyo inafaa kukiongeza pale takwimu za seva zinapoonyesha kwamba michakato ya watumiaji bado inajiandikia kurasa chafu yenyewe.