Kura Hupita, Jamaa Hubaki

Ndugu msomaji, nikikuuliza ni mashindano gani yaliyo machungu kuliko yote, huenda ukanitajia yale ya mpira. Sisi watu wa Tanga tunayajua hayo vyema. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo baba ni wa Coastal Union na mama, ama kwa mapenzi ya kweli ama kwa ukaidi tu, ni wa African Sports. Wazee wetu hadi leo husimulia mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na jinsi baadhi ya watu wa nyumba moja walivyonuniana. Lakini mimi nitakujibu kwamba machungu zaidi ni mashindano ya watu wa chama kimoja, wanapomtafuta mmoja wao agombee Urais. Katika mpira kila mtu anaujua upande wake. Katika uteuzi wa ndani ya chama, unayeshindana naye ni ndugu yako, na jioni mikono yenu itakutana katika sinia moja.

Nayasema haya kwa sababu yalitukuta nyumbani kwetu.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa Wete, kisiwani Pemba. Alivuka bahari kwa jahazi angali msichana, akaja kuolewa Tanga na karani wa reli, Msambaa wa Bumbuli. Nyumba yao ilikuwa Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mtoto wao wa kwanza ni mjomba wangu, mtu wa bandarini, mwanachama wa Chama Cha Mapinduzi tangu ujana wake, mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Hakuna jioni aliyopita asimwamkie mama yake.

Mwaka 2005 nilikuwa darasa la saba. Rais Benjamin Mkapa alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, na wanachama 11 walikuwa wameomba uteuzi wa chama. Pwani yetu ilikuwa na furaha ya namna yake, kwa kuwa mmoja wao, Jakaya Kikwete, alikuwa mzaliwa wa Msoga, wilaya ya Bagamoyo. Mjomba alikuwa wake kwa moyo wote. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa wa Dakta Salim Ahmed Salim. Usiniulize kwa nini. Sababu nitaitaja baadaye, na sitaitaja kwa fahari.

Jioni moja, wiki chache kabla ya Mkutano Mkuu wa Dodoma, Mjomba aliingia uani na karatasi mfukoni. Bibi alikuwa juu ya mkeka wake akichambua mchele, mama akikuna nazi. Mjomba aliifungua ile karatasi akaanza kuisoma kwa sauti, huku akicheka. Ilikuwa karatasi isiyo na jina la mwandishi. Ilisema kwamba Dakta Salim ni mtu wa Hizbu, kile chama cha Zanzibar ambacho serikali yake ilipinduliwa Januari 1964. Tena ikasema kwamba asili yake si ya huku, na kwamba mtu wa namna hiyo hapewi nchi.

Bibi hakuinua uso. Aliendelea kuchambua mchele wake hadi Mjomba alipokwisha kusoma. Ndipo akamwuliza, kwa upole ule wa watu wa Pemba:

"Mwanangu, kaka yangu mkubwa alikuwa chama gani?"

Mjomba akanyamaza.

"Mjomba wako alikuwa Hizbu. Nami nimezaliwa huko huko anakozaliwa huyo bwana. Basi na wewe, mwanangu, asili yako ni ya wapi?"

Mjomba aliikunja karatasi ikawa ndogo kama tambuu, akaaga, akatoka. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Mwanzoni mwa Mei matokeo yakatangazwa. Kikwete alipata kura 1,072, Dakta Salim 476, na Profesa Mark Mwandosya 122. Mtaani kwetu vifijo vilisikika hadi usiku. Bibi alizima redio akasema tu, "Mungu amjaalie," akaenda kulala. Idi ilipofika mwezi Novemba, Mjomba aliwatuma wanawe walete mchele na sukari. Yeye mwenyewe hakuonekana. Mtu aliyekuwa hakosi hata jioni moja, sasa alikuwa akituma watoto.

Ndugu msomaji, napenda uelewe kwamba sikulaumu kushinda kwa Kikwete, wala sidhani wajumbe wale walikosea kuchagua. Alistahili kwa sababu nyingi, na iliyo kubwa machoni pangu ni hii. Julai 1995 aliwania uteuzi huo huo akiwa na miaka 44. Katika duru ya kwanza aliongoza kwa kura 534, akifuatiwa na Mkapa aliyepata 459 na Cleopa Msuya aliyepata 336. Katika duru ya pili Mkapa akapata 686 na yeye 639. Fikiri juu ya hilo: kuongoza asubuhi, na kukosa Urais kwa tofauti ya kura 47! Wangapi kati yetu wangeweza kulala usingizi? Naye alikubali, akamfanyia kampeni aliyemshinda, kisha akamtumikia miaka kumi akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwangu mimi, miaka ile kumi ilikuwa sifa kubwa kuliko hotuba yoyote.

Lakini na Dakta Salim je? Huyu aliteuliwa Balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1979 aliliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alikuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1984 hadi 1985, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Mtu aliweza kusema kwamba amekaa nje muda mrefu mno, hawajui wananchi wa vijijini, nao hawamjui. Hiyo ingekuwa hoja ya haki, na mwenyewe angeweza kuijibu. Lakini kumwambia mtu kwamba tumbo lililomzaa halifai, atajibu nini? Hiyo si hoja. Hilo ni tusi, na tusi la namna hiyo halimwishii anayekusudiwa. Liliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mkubwa, likaja kumwangukia bibi kizee wa Ngamiani aliyekuwa akichambua mchele.

Sasa niitaje ile sababu yangu. Katika umri ule sikujua lolote juu ya Misri wala Umoja wa Mataifa. Nilimpenda Dakta Salim kwa kuwa ni Mpemba, na Bibi ni Mpemba, basi. Mjomba alimkataa mtu kwa asili yake, nami nilimpenda mtu huyo huyo kwa asili yake. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba tulikuwa tunapima kwa pishi moja, mimi na Mjomba.

Siku ya Idi Kubwa, Januari 2006, Mjomba alikuja. Alibeba nguru mzima aliyemnunua kule Deep Sea alfajiri. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mama." Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Ingia, jua kali." Hakuomba radhi, naye hakuombwa. Yule samaki alipikwa, tukala. Tangu siku hiyo alirudia desturi yake ya kuja kila jioni, hadi Bibi alipofariki mwaka 2011. Lakini habari ya ile karatasi haikutajwa tena kati yao, nami nilidhani imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2015 zamu ilirudi. Wakati huu wanachama 38 walirudisha fomu, na kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, najiona mjuzi. Miongoni mwa waombaji alikuwamo January Makamba, Mbunge wa Bumbuli, na Bumbuli ndiko alikotoka babu yetu. Mjomba alivaa shati la kijani mwezi mzima wa Ramadhani. Nami, pamoja na stashahada yangu, nikawa naye!

Kamati Kuu ilipotoa majina matano, la kijana wetu lilikuwamo. Tulifuturu kwa furaha. Halmashauri Kuu ya Taifa ilipoyapunguza hadi matatu, halikuwamo. Waliobaki walikuwa Dakta John Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dakta Asha-Rose Migiro, na mama yangu, ambaye hakuwahi kujali siasa, aliweka sufuria chini akasema, "Wanawake wawili kati ya watatu! Afadhali nimeishi kuliona hili." Julai 12 Dakta Magufuli akateuliwa kwa kura 2,104, Balozi Amina akipata 253 na Dakta Migiro 59.

Usiku ule Mjomba alirudi mapema kutoka barazani kwa wanywa kahawa. Aliketi mahali pale pale ulipokuwa mkeka wa Bibi. Nilimwuliza kulikoni. Akaniambia kwamba rafiki yake wa miaka mingi amemcheka mbele ya watu, akisema nchi haiwezi kupewa Wasambaa, watu wa mlimani, kazi yao kuuza mboga. Kisha akatulia kitambo kirefu, akasema:

"Leo nami nimesomewa karatasi yangu. Na Mama hayupo nimwambie."

Sikuwa na la kumjibu. Hadi leo sina.

Ndugu msomaji, mwaka 2020 na mwaka 2025 chama hakikuwa na mashindano ya namna hii katika kumpata mgombea wa Muungano. Januari 2025, Mkutano Mkuu maalumu wa Dodoma ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi yetu, aliyeapishwa Machi 2021 baada ya kifo cha Rais Magufuli. Wiki ya msiba ule alikuwa ziarani mkoani kwetu Tanga. Wapo waliofurahi kwamba kelele zimepungua. Mimi naona kwamba nyumba isiyoshindanisha watoto wake hupata utulivu, lakini haipati kuwapima. Na kwa mujibu wa Katiba, mwaka 2030 hapana budi apatikane mgombea mwingine. Mashindano yatarudi, na karatasi zisizo na majina zitarudi pamoja nayo; tena siku hizi haziji mfukoni mwa mtu, huja katika simu ya kila mtoto.

Basi rai yangu ni ndogo. Wakija wagombea, tuwaulize wamefanya nini, wamekosea wapi, na walipokosa walichokitaka walifanyaje. Profesa Mwandosya alishindwa mwaka 2005, akaitumikia serikali ya aliyemshinda. January Makamba alikatwa mwaka 2015, akawa Waziri katika serikali ya aliyeteuliwa. Hayo ndiyo ya kupima. Na ikiletwa karatasi isemayo asili ya mtu fulani haifai, usiisome kwa sauti. Kwanza tazama ni nani ameketi juu ya mkeka.

Mjomba sasa ni mzee. Ijumaa iliyopita nilimpitia kumwamkia, nikamweleza kwamba nataka kuyaandika haya gazetini. Nilidhani atakataa. Aliwaza kidogo, akasema, "Andika. Lakini andika pia kwamba nilileta samaki."

Nimeandika.