Viatu vya "Mashindano" Vyaniumbua Nalasi!

Kuna watu wakinunua kitu kipya lazima dunia nzima ijue. Mimi ni mmoja wao, sikatai. Siku niliyonunua baiskeli ya milimani ya mtumba pale Kariakoo, gia 21, pedeli za kunasa na viatu vyake, mtaa mzima wa Sinza ulipata habari. Nikapita kwenye baraza za watu, kwa-kwa-kwa, kama farasi aliyevalishwa njumu. Washikaji wakasema, "Mwanangu, umetisha!" Kichwa kikavimba.

Likizo ilipofika nikasema safari hii Nalasi, kwa mjomba, na baiskeli yangu.

Kama hujafika huko, nikuchoree ramani. Ukitoka Songea mjini unapita Namtumbo, unakaza mwendo mpaka Tunduru, zaidi ya kilomita 250. Zamani safari ile ilikuwa adhabu. Masika basi liliweza kulala porini na abiria wake. Siku hizi ni lami, unasinzia tu unashangaa umefika. Nalasi yenyewe iko kusini mwa Tunduru, upande wa mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Nikadandia lori kumalizia kipande hicho. Ni nchi ya Wayao, ya miti ya miombo, mikorosho na mchanga. Hilo neno la mwisho lishike vizuri, msomaji. Mchanga.

Kule baiskeli ni punda wa nyumba. Inabeba maji, kuni, gunia la korosho, mgonjwa na bibi harusi. Nyingi ni zile Phoenix nyeusi za Kichina zenye keria pana. Pedeli zake ni vipande vya mpira, vikiisha inabaki nondo katikati na mtu anaendelea kukanyaga hiyo hiyo nondo. Binamu yangu, kijana wa miaka 20 hivi, anaendesha ya kwake na katambuga, viatu vya tairi la gari. Nilipomwona nikacheka. Nikamwonyesha vyangu. Akavigeuza, akagonga soli kwa kidole, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, ukitaka kudondoka unafanyaje?"

Nikamjibu, "Huku hadondoki mtu."

Usiku wa pili, kasheshe. Bibi, mama yake mjomba, alikuwa na homa tangu mchana, na ilipofika saa mbili akaanza kutapika na kutetemeka. Pikipiki ya jirani ilikuwa safarini. Mjomba akasimama uani akanitazama. "Wewe mwenye baiskeli ya gia, tangulia ukamwamshe daktari. Mwenzio anakuja na bibi nyuma."

Nikavaa viatu vyangu, nikajinasa, huyo! Mbalamwezi ilikuwa kali, njia nyeupe. Mita mia mbili za kwanza nilikuwa bingwa wa dunia. Kisha gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, baiskeli ikagoma. Nikataka kushusha mguu, mguu hautoki! Puu! Nikaenda chini kama fenesi, baiskeli juu yangu, miguu yote miwili imenaswa.

Nikajichomoa, nikapanda tena. Sasa mchanga umejaa kwenye kile kidude cha chini ya kiatu, hakinasi. Mguu ukateleza, goti likagonga bomba la fremu. Chini mara ya pili. Nikiwa pale pale nagugumia nikasikia kengele ya Phoenix. Binamu huyo anapita polepole, katambuga zimetulia kwenye pedeli, bibi kafungwa kanga kumshikilia asianguke. Na bibi mgonjwa, kwa sauti ndogo, akaniambia, "Mume wangu, umelala hapo unamsubiri nani?"

Basi, daktari aliamshwa na mgonjwa mwenyewe. Mimi niliingia dakika kadhaa baadaye, nasukuma baiskeli, kwa-kwa-kwa sakafuni. Alikuwa na malaria. Akapata dawa, asubuhi akaomba uji. Lakini usiku ule sikulala. Watu wananicheka, sawa, nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba nilipewa kazi ya maana, nikaishindwa kwa sababu ya kujionyesha.

Asubuhi nikaenda kwa fundi chini ya mwembe. Mzee wa heshima zake. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akavitazama viatu vyangu, akatabasamu, hakusema neno. Akatoa kwenye kopo jozi ya pedeli pana za chuma zenye meno, za baiskeli iliyokwisha kufa. Pedeli ya kulia ikafunguka. Ya kushoto nikajitia kumsaidia, nikazungusha kama ninavyofungua nati yoyote. Akanipiga kofi la mkono. "Hiyo unakaza!" Kumbe pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ukitaka kukaza, zote mbili unazungusha kuelekea mbele ya baiskeli. Kufungua, kuelekea nyuma. Shika hiyo, itakuokoa na fundi wa uongo mjini.

Niliporudi Dar nikatafuta kosa langu liko wapi. Kumbe niliuziwa viatu vya mbio za lami! Mfumo ule wa kunasa ulivuma kwa waendesha baiskeli za barabarani kuanzia mwaka 1984, kampuni ya Look ya Ufaransa ilipotoa pedeli zake. Kidude chake ni kikubwa, kina skrubu tatu, kimejitokeza nje ya soli. Kwa lami safi, raha. Kwa kutembea, balaa. Mwaka 1990 Shimano wa Japani wakatoa za milimani, SPD. Kidude ni kidogo, skrubu mbili, kimezama ndani ya soli ili utembee kama binadamu. Pedeli yenyewe inanasa pande zote mbili. Na kutembea ni lazima. Wale binamu wa Kiingereza, Nicholas na Richard Crane, waliopandisha baiskeli Kilimanjaro mwishoni mwa 1984, sehemu nyingine walizibeba mabegani!

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua, sikiliza ya aliyeumbuka.

Kama ndiyo unaanza, au njia zako ni za mchanga, chukua pedeli pana zenye meno. Mguu unatoka muda wowote. Kabla hujalipa, izungushe kwa kidole: ikikwaruza, gololi zimekwisha. Itikise: ikicheza, iache hapo hapo.

Kiatu kisiwe laini kama kandambili. Kikunje kwa mikono. Kikijikunja kama chapati, unyayo utakuuma kabla hujafika. Kikiwa kigumu kama ubao, hutatembea. Tafuta cha katikati, soli bapa ya mpira unaong'ang'ania. Kanyagia ile sehemu nene iliyo nyuma ya vidole, siyo katikati ya unyayo. Kamba zichomeke ndani, zisije zikaliwa na cheni.

Kama roho yako inataka za kunasa tu, nunua za milimani, legeza springi kabisa, ujifunzie kwenye majani umeshika ukuta. Mguu unatoka kwa kupeleka kisigino nje, siyo kuvuta juu. Toa mguu mmoja kabla hujasimama. Ukishindwa hata mara moja kwenye majani, mchangani usijaribu.

Na kama unakwenda kijijini ambako baiskeli ndiyo gari la wagonjwa, nakuomba sana, funga na keria.

Viatu vyangu nimeviuza kwa jamaa mmoja wa mbio za lami, anavifurahia. Pedeli za mzee wa Nalasi bado ninazo, hazijalegea. Juzi nilimpigia bibi simu kumjulia hali. Ni mzima, anapalilia. Akaniuliza, "Mume wangu, umeshaamka?"