Najifunza Dansi Gerezani

Wenzangu wa kidato cha nne wamenisumbua muhula mzima niandike habari hii, maana wameisikia bwenini vipande vipande, na kila mmoja ameitia chumvi yake. Basi naiandika mwenyewe. Kwanza nijulikane kuwa mimi ni mtu ambaye hata paredi hunishinda. Kiranja akisema "kushoto geuka," mimi hutazama kwanza jirani yangu anaelekea wapi. Mtu wa namna hii kufundishwa walzi ni jambo la kuchekesha, na walimu na wazazi watakaosoma hapa wana ruhusa ya kucheka.

Nyumba ya babu yangu ilikuwa Gerezani, upande wa Kariakoo, mwendo mfupi kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu mwembamba katikati, na uani nyuma. Maghorofa yalikuwa yameizunguka pande zote hata jua likawa linatufikia saa sita tu. Babu aliirithi pamoja na ndugu zake wawili, na kwa kuwa warithi wamekuwa wengi na kila mmoja ana shida zake, mwaka jana walikubaliana kuiuza. Aliyeinunua anataka kujenga ghorofa. Babu na Bibi walitakiwa wahamie Chanika kabla ya mwaka kwisha. Nilipofika likizo ya Desemba nikawakuta wanafunga vyombo.

Yapasa msomaji ajue kwamba wazee hawa walijuana katika dansi, mwaka 1963, wakati Babu alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Sasa miaka mitatu imepita tangu Babu apate kiharusi. Mguu wake wa kulia hauna nguvu, na hutembelea mkongojo. Jioni ile ya kwanza Bibi aliweka chini sufuria alilokuwa akilifunga gazeti, akasema, "Nyumba hii niliingia nikicheza. Siwezi kutoka nimebeba masufuria tu." Babu akanyamaza. Akautazama mguu wake. Mimi nikajifanya nafunga kamba.

"Mume wangu," Bibi akaniita, maana ndivyo bibi zetu wa pwani wanavyotuita wajukuu wa kiume, "wewe ndiye utakayecheza nami."

"Tazameni," akasema Babu, "ananichukulia mke wangu, na kucheza kwenyewe hajui!"

Lakini ni yeye aliyesema atanifundisha. Tulikuwa na wiki tatu.

Katika sanduku lake la bati mlikuwa na kitabu cha Victor Silvester, Mwingereza aliyeshinda ubingwa wa dunia wa dansi mwaka 1922. Kitabu hicho, Modern Ballroom Dancing, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1927. Baadaye bwana huyu akaanzisha bendi yake, akapiga santuri ambazo mwendo wake haukuongezeka wala kupungua, ili wanafunzi wasipotee. Kitabu chake kina picha za nyayo: mguu huu uweke hapa, huu uweke pale. Ni mpango mzuri sana, ila panya wa Gerezani walikuwa wamekula kurasa za mwanamume. Zilizosalia katika walzi zilikuwa za mwanamke tu.

"Si neno," akasema Babu. "Yeye akirudi nyuma, wewe nenda mbele. Yeye kushoto, wewe kulia. Geuza tu."

Geuza tu! Kwa muda wa siku mbili nilikuwa sakafuni na chaki, nikichora nyayo juu ya ile saruji nyekundu, nikisoma kitabu kichwa chini kama mwizi asomaye barua ya mtu. Siku ya tatu ukumbi wote ulijaa nyayo, tena za kiatu changu, ambacho si kidogo. Wapangaji wakawa wanapita pembeni wakidhani ni mambo ya uganga. Asubuhi ya siku ya nne shangazi alipiga deki bila kujua, akafuta upande mmoja. Babu aliposema tuanze, nikajikuta nina nyayo za kulia peke yake, nikaruka kwa mguu mmoja toka mlangoni hata uani. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Tabu ya pili ilikuwa hesabu. Walzi huhesabiwa tatu tatu: moja ni nzito, mbili na tatu ni nyepesi. Kwa mwendo wa Silvester na wenzake ni mafungu thelathini hivi kwa dakika moja, yaani hatua tisini. Ukiandika kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini mtaa wetu una mafundi wa bati na vyuma, na nyundo zao haziujui walzi. Nyundo hupiga mbili mbili: ko-ko, ko-ko. Babu yuko kitini akihesabu "moja, mbili, tatu," na fundi wa nje anajibu "moja, mbili," nami niko katikati nikimsikiliza huyu na mguu mmoja na yule na mguu mwingine. Bibi alikanyagwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Aliingia chumbani, akarudi amevaa viatu vya mvua vya mjomba, akasema, "Haya, sasa njoo."

Tulijaribu pia foksitroti, ambayo hatua zake mbili ni za taratibu na mbili ni za upesi. Babu alikuwa akiita, "Pole, pole, haraka-haraka! Pole, pole, haraka-haraka!" Kwenye haraka-haraka ya tatu nilimsukuma Bibi ndani ya marobota ya nguo. Akasema kutoka humo humo, "Haraka haraka haina baraka. Turudi kwenye walzi."

Wakati wa kupumzika ndipo Babu alipotusimulia, na mimi naona masimulizi yale yalikuwa na faida kuliko masomo yenyewe. Alisema baba yake alicheza beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoanza huku pwani kabla ya vita vya 1914, na watu walikuwa wamegawanyika Marini na Arinoti, wakishindana kwa mavazi na vyeo vya uongo. Kisha vijana waliosoma wakaiona beni ni ya wazee, wakashika dansi, ya mwanamume na mwanamke wawili wawili. Hapa Dar es Salaam bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Western Jazz mwaka 1944. Bendi zile zilikuwa vyama kabisa, vyenye wanachama na viongozi wao.

Babu mwenyewe alikuwa karani wa reli, na Jumamosi alikwenda Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Mimi niliujua ukumbi huo kwa somo la historia tu, kwa sababu ndimo Mwalimu Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA, tarehe 17 Aprili 1953, mwaka mmoja kabla ya TANU kuzaliwa. Babu anaujua kwa sakafu yake. Suruali ilipigwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo wake ukaweza kukata mkate, tai ilifungwa, na mtu alivuka sakafu yote, macho ya watu yakimtazama, kwenda kumwinamia binti na kumwomba dansi. Binti akikataa, sharti uivuke sakafu ile ile kurudi.

"Mimi nilikataa mara mbili," akasema Bibi.

"Mara moja," akasema Babu.

"Mara mbili. Ile ya kwanza hukuinama, ulipunguza kichwa tu."

Hapo mjomba, ambaye hupenda mabishano, akauliza kama haikuwa aibu Waafrika kuiga ngoma za Wazungu. Akatukumbusha hotuba ya Mwalimu ya tarehe 10 Desemba 1962, alipokwisha kuapishwa kuwa Rais na kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa. Hotuba hiyo nimeisoma shuleni. Mwalimu alisema kwamba wengi wetu tumejifunza rumba na chachacha, twisti, hata walzi na foksitroti, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza gombe sugu, au kiduo, au lelemama? Ni swali zito, na kwa maoni yangu halijajibiwa hata leo. Babu alifikiri kidogo, akasema hotuba ile waliisikia redioni, na wengine waliona haya, na Jumamosi walikwenda dansi vile vile.

Bibi akasema, "Lelemama naicheza tangu sijavunja ungo. Nani kati yenu amepata kuniuliza?"

Hakuna aliyejibu. Akasimama pale pale, na viatu vyake vya mvua, akatuonyesha, kidogo tu, mikono na mabega, bila haraka. Mjomba hakuendelea na mabishano. Nami nikahesabu moyoni nikaona kwamba za Wazungu sizijui, na za kwetu sizijui pia.

Usiku wa mwisho ulifika. Vyombo vyote vilikuwa barazani, vyumba vitupu, na ukumbi ulitoa mwangwi kama kisima. Majirani wachache walikuja, na mafundi wawili wa bati walikuja pia, bila nyundo. Wimbo tulikuwa nao katika simu ya mjomba, tukaitia ndani ya ndoo ili sauti ikue. Bibi alivaa gauni ambalo sikupata kuliona. Nilivuka sakafu, nikainama mpaka chini, kwa kuwa habari ya kupunguza kichwa nilikwisha isikia.

Tulikwenda. Moja, mbili, tatu. Naweza kusema bila kujisifu kwamba kutoka mlango wa mbele hata wa uani sikumkanyaga. Ila ukumbi ule ulikuwa mwembamba, na kugeuka nilikuwa sijajifunza vizuri, kwani kurasa za kugeuka ziliishia tumboni mwa panya. Kwa hiyo tulipofika mwisho tulisimama, tukaachana, tukageuka kama basi la mwendokasi lifikapo kituo cha Gerezani, tukaanza upya kurudi tulikotoka. Watu walicheka sana. Bibi naye alicheka. Tulifanya safari nne za namna hiyo.

Katika safari ya tano, tulipofika uani, Babu alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Akanipa mkongojo wake, akasema, "Nipishe, kijana. Hii kona huiwezi."

Mjomba alitaka kwenda kumshika, Bibi akamzuia kwa jicho. Babu akaweka mkono mgongoni mwake, mahali hasa alipokuwa akinionyesha kila siku, nami kila siku nikikosea. Mguu wa kulia ulikokotwa, haukuinuliwa. Wakageuka hatua tatu, kisha tatu nyingine, wakawa wameelekea mlango wa mbele. Hawakusogea zaidi ya pale. Wimbo ulikuwa umekwisha na hakuna aliyegusa simu, nami nilikuwa bado nahesabu kwa sauti, mkongojo mkononi.

Gari la mizigo lilikuja saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba ya Chanika ina sebule pana ya vigae, na Babu ameniletea salamu kwa mjomba kwamba vigae vinateleza vizuri, na kwamba likizo ya Juni tutaanza tango.