Vyumba vya Nyuki

Mwaka mzima baada ya kumzika mke wangu niliimba kanisani kwa midomo tu. Kuomba sikuweza.

Likizo moja mwanangu, anayesomea jiolojia, alinionyesha picha za Laetoli, kule Ngorongoro. Nyayo za watu wa kale kwenye majivu ya volkano, za yapata miaka milioni 3.6, nilizijua. Yeye alinionyesha vitu vidogo: vichuguu vya mchwa vilivyogeuka mawe, na vyumba vya nyuki waliotaga mayai ardhini. (Mimi nilidhani nyuki wote hukaa mzingani.)

“Nyuki mwenyewe hayupo, baba. Lakini wa namna hii hupenda kuchimba penye udongo mkavu, wazi, wenye jua. Basi kwa chumba chake twaijua nchi aliyoishi.”

Nilimjibu kwa ukali kwamba chumba kitupu ni kitupu. Alinyamaza, akafunga kitabu.

Usiku niliuona mkeka wa mama yao kando ya kitanda. Umelika mahali pawili, pa magoti. Nilikuwa nimepanga kuutupa.

Nilipiga magoti sakafuni, pembeni yake.