Unga Mwekundu Chini ya Mfuniko

Mpwa wangu alinipigia simu saa mbili usiku, akiwa njiani kutoka Uwemba na gunia la viazi nyuma, na siku hiyo hata shikamoo aliisahau. "Mjomba, injini inawaka, gia inaingia, lakini pikipiki haiendi."

Nikadhani cheni imekatika. Akasema hapana, ameimulika kwa tochi ya simu, iko mahali pake. Klachi basi? Haitoi harufu ya kuungua. Nikamwambia afungue ule mfuniko mdogo wa upande wa kushoto, atie gia, aangalie. Kimya kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachokiona, "Shafti inazunguka, sproketi imesimama tu."

Pikipiki ile ilikuwa yangu kwenye kadi na yake barabarani. Nilimpa kwa mkataba, kama wengi tunavyofanya hapa Njombe: hesabu ya kila siku kwa miezi 14, kisha kadi inahamia kwake. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Asubuhi tukaisukuma hadi kwa fundi. Ndani ya mfuniko kulikuwa na mafuta yaliyoshikana na vumbi hadi yakawa kama ugali wa ulezi. Fundi alikwangua, akafungua bolti mbili ndogo za spana namba 10, akatoa kibati kinachoizuia sproketi isichomoke, kisha akaivua sproketi yenyewe kwa vidole viwili kama mtu anayevua pete. Akanionyesha ncha ya shafti. Ile mifereji yenye kingo kali, ambayo ndiyo inayoishika sproketi, ilikuwa imelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Nieleze kidogo, maana hata mimi niliyemiliki pikipiki miaka minane nilikuwa sijui. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii sproketi ya mbele haibanwi kabisa kwenye shafti. Imeachiwa nafasi ndogo isogee kidogo kushoto na kulia ili ijipange na cheni. Kucheza huko kudogo ni halali. Lakini kila unapovuta moto, shafti inasukuma upande mmoja wa ile mifereji. Ukiachia, cheni inarudisha nguvu upande wa pili. Pakiwa na grisi, vyuma vinateleza. Pakiwa pakavu vinasagana, na chuma kinachosagana kwenye unyevu kinatoa unga wa kutu, mwekundu, mlaini kama ugoro. Unga huo nao unafanya kazi ya msasa. Nafasi inaongezeka, kusukumana kunageuka kugongana, na ngozi ngumu ya shafti ikishaisha, chuma laini cha ndani hakichukui muda.

Sasa fikiria njia zetu. Kutoka mjini kwenda vijijini ni kupanda na kushuka, kuvuta moto na kuachia, ukiwa na lumbesa moja au mbili nyuma.

Unga ule niliuona. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi wa nne, mvua zikiwa bado, nilikuwepo gereji nyingine walipobadilisha sproketi ya mbele. Kijana wa pale alipoitoa ile ya zamani kulikuwa na vumbi jekundu kwenye shafti. Akalipuliza, akapachika mpya, akafunga. Nikaona vumbi jekundu, nikasema moyoni ni Njombe hii, kila kitu chekundu. Ingekuwa Ifakara yenye udongo mweusi huenda ningeuliza.

Na kuna jambo la pili. Siku ile mpwa wangu alitaka tubadilishe seti nzima: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Mimi nilikuwa natoka kulipa ada. Nikamwandikia ujumbe: weka ya mbele tu, cheni bado ina maisha.

Cheni haikuwa na maisha. Cheni ya 428, iliyofungwa kwenye pikipiki nyingi za hapa, ina milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Nyoosha vipingili 20, pima kwa rula: ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 259, imekwisha, hata kama inang'aa. Cheni iliyorefuka haikai sawa kwenye meno ya sproketi mpya. Inapanda, inashuka kwa mshtuko, na mshtuko huo unaishia kwenye shafti. Halafu, kwa kuwa ilikuwa inapiga kelele, dereva wangu akaikaza. Akaikaza sana. Cheni iliyokazwa bila abiria inaonekana nzuri, lakini ukipakia mzigo, gurudumu la nyuma linasogea na cheni inakosa pa kupumua. Inavuta shafti usiku na mchana, pamoja na beringi na sili ya oili iliyo nyuma yake. Inatakiwa icheze sentimita mbili hadi tatu katikati ya upande wa chini, na upime pale inapokaza zaidi, kwa sababu cheni ya zamani hairefuki sawasawa.

Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 waliitengeneza wakiwafikiria watu wasio na muda wa matengenezo, na nyingi ya pikipiki hizo zilikuja na cheni iliyofungiwa kabisa ndani ya boksi, vumbi lisiingie. Injini nyingi za 125 tunazopanda leo ni za ukoo huo. Boksi ndilo lililoachwa njiani; tumebakiwa na kibati cha juu, nacho tunakitoa kwa sababu kinapiga kelele.

Fundi alitupa njia mbili. Ya kwanza, kuchomelea sproketi kwenye shafti: nusu saa, kijana anarudi kazini. Ya pili, kupasua injini, kubadilisha shafti, sili na gasketi: siku tatu, zaidi kama spea italazimika kutoka Makambako. Mpwa wangu alitaka kuchomelea, na sikumshangaa, hesabu haisubiri. Lakini fundi mwenyewe, mzee asiyependa maneno mengi, alisema ukichomelea, moto unaunguza sili na kulainisha shafti, na meno ya sproketi yakiisha utakuja na grenda. "Unaahirisha, hutengenezi," akasema.

Tukapasua. Na hapo likaja swali la nani analipa. Nikasema, kwa sauti ya bosi ambayo sikujua ninayo, kwamba gharama tutaiongeza kwenye mkataba, mwezi na nusu hivi. Aliyeharibu ni aliyekuwa anaendesha.

"Sawa, Mjomba," akasema. Hakubisha. Angebisha ningeshinda.

Usiku nikarudia ujumbe wangu wa mwezi wa nne. Ulikuwa pale pale, na jibu lake chini yake: "Sawa Mjomba." Maneno yale yale. Nikaanza kuona jinsi tulivyoishi na chombo kile. Mimi sikufungua mfuniko kwa sababu siendeshi. Yeye hakufungua kwa sababu si chake bado, na kila shilingi anayoitia humo anaitia kwenye mali ya mtu mwingine. Bolti mbili za namba 10, dakika tano, na kwa miezi minne hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzigusa.

Nikalipa shafti na seti nzima. Yeye akalipa ufundi, kwa kutaka mwenyewe, na siku nne za gereji sikudai hesabu. Fundi alipaka kwenye mifereji mipya grisi nyeusi yenye molibdenamu, ile inayotumika kwenye joint za magari, kidogo tu, akafuta iliyozidi.

Kadi ilihamia kwake mwezi wa kumi. Sasa kila baada ya wiki kadhaa anafungua mfuniko, anasafisha, anarudishia grisi, na wakati mwingine ananitumia picha bila maneno. Shafti inang'aa. Lakini kwenye cheni bado anamimina oili chafu iliyotoka kwenye injini, ile yenye unga wa chuma ndani, inayonasa kila vumbi la njia ya Uwemba. Nimemwambia. Anasema vijana wote wa kijiweni wanafanya hivyo, na kwamba siku hizi pikipiki ni yake.