Shuka, Nepi na Pasi ya Makaa

Kupiga pasi kumepewa sifa mbaya katika baadhi ya nyumba, kwamba ni urembo wa watu wenye nafasi. Shati la ofisini hupigwa pasi kwa kuwa mkuu wa kazi ataliona. Shuka, foronya, taulo na mbeleko hukunjwa tu na kutiwa sandukuni, maana hakuna mgeni atakayezitazama. Mimi ni mtumishi wa serikali, na asubuhi nyingi nashika pasi kabla jua halijachomoza. Lakini nikibanwa na wakati, ndugu msomaji, litakalosubiri ni shati langu, si nepi za mtoto.

Sababu yake ni nzi. Huku kwetu Bujumbura, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, yuko nzi mwenye rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na manjano, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Yeye mwenyewe hamwumi mtu. Jike hutafuta mchanga wenye kivuli, au nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, hasa iliyobaki na harufu ya mkojo au jasho, akataga humo mayai yake, 100 hadi 300. Baada ya siku 1 hadi 3 hutoka funza wadogo mno, nao hungoja. Mtoto akilazwa juu ya shuka hiyo, funza hupenya ngozi pasipo kuhisiwa, akanenepa humo kwa siku zipatazo 8 hadi 12, na kwa nje huonekana kama jipu lenye tundu dogo katikati.

Nilimwona mtoto wa jirani, mwenye umri wa miezi minne, akiwa na majipu saba mgongoni na makalioni. Bibi yake alisema ni joto la mwili, akawa anamkanda kwa maji ya moto. Mama yake ni mtu msafi kuliko wengi mtaani, na hakuna siku aliyoacha kufua. Ila kamba ilikuwa imejaa, akatandaza nepi juu ya ua, chini ya mwembe. Uchafu haukuhusika hapo; kivuli na unyevu vilitosha. Muuguzi wa zahanati alipaka mafuta mazito ya mgando juu ya kila tundu ili funza akose hewa, nao walipojitokeza akawatoa mmoja mmoja. Asiyejua hukamua kwa nguvu, funza akapasukia ndani na jipu likaharibika.

Basi kazi huanzia kwenye beseni. Nepi na shuka zenye mkojo zisuuzwe kwanza kwa maji baridi, ndipo zifuliwe kwa sabuni, na zisuuzwe tena mpaka harufu iishe. Zianikwe juu ya kamba, mbali na ardhi, mahali penye jua kali, wala zisilale nje usiku. Kuanua mapema ni nusu ya kinga.

Nusu ya pili ni pasi. Nguo ya mtoto na iwe ya pamba, kwa sababu nailoni haistahimili moto unaotakiwa. Pasi ipitishwe polepole pande zote mbili, na zaidi katika mapindo, mishono, mifuko na penye lastiki, kwani humo ndimo mayai hujificha na ndimo mkono wa haraka hupita juu juu. Shuka ikiwa na unyevu kidogo, mvuke hupenya vizuri. Ila endelea mpaka ikauke kabisa. Anayetumia pasi ya makaa aipepee nje kwanza, aijaribu juu ya kitambaa kikuukuu, kisha apigie barazani au milango ikiwa wazi. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua.

Na siku ambazo makaa yamekwisha na umeme hakuna? Nguo iliyokwisha kukauka itengwe kwa muda wa wiki mbili kabla ya kuvaliwa, maana funza asiyepata mwili hufa. Hili lamtaka mtu awe na nepi za akiba, jambo lisilo jepesi kwa mshahara wetu, lakini mbeleko moja ya zamani hukatwa nepi nne.

Sasa sanduku. Wengi wetu tulirithi mazoea ya kutia vidonge vyeupe vya naftalini kati ya shuka. Nondo anayeogopwa hapo hula sufu, hariri na manyoya. Shuka safi ya pamba haimpendezi. Wanaoitafuna ni mende na wadudu wengine wapendao wanga, na kwa hiyo nguo ya kuwekwa muda mrefu isitiwe wanga kabla ya kukunjwa. Lakini kubwa zaidi ni kwamba naftalini ni sumu kwa mtoto mchanga. Wapo watoto, na katika Afrika si wachache, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD; wakivishwa nguo zilizolala pamoja na vidonge hivyo, chembe zao nyekundu za damu hupasuka, macho na ngozi huwa manjano, na ubongo waweza kudhurika. Kumpaka mtoto mafuta mwilini huzidisha sumu hiyo kupenya. Kwa macho humjui mwenye upungufu huo, na kwa hiyo nyumba yenye mtoto mchanga isiwe na vidonge hivyo katika nguo zake wala chumbani mwake. Akionekana wa manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mkwe wangu hakukubali upesi, kwani kwake harufu ile ndiyo harufu ya nyumba yenye heshima. Tulijadiliana kwa adabu jioni mbili. Sasa shuka zetu hulala katika sanduku kavu, hutolewa juani kila mwezi, na vidonge vyake vimehamia kwenye blanketi lake la sufu, katika kasha lenye kifuniko, chumba cha nje.