Barua kutoka Bonn: mvinyo mwekundu wa bonde la Ahr

Saa moja haiishi ndani ya treni kutoka Bonn, msafiri keshafika Ahrweiler. Bonn Waswahili wanaijua kwa ajili ya Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Jirani yake huyu hawamsikii sana, ilhali ni miongoni mwa maeneo ya kaskazini kabisa duniani yaliyojipatia jina kwa mvinyo mwekundu.

Ahr ni mto mdogo unaojipenyeza kati ya milima kabla ya kumwaga maji yake Rhine. Ng'ambo ya kaskazini, kwenye miteremko inayotazama jua, mizabibu imepandwa juu ya matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe. Mahali pengine mteremko ni mkali kiasi kwamba mashine haipandi. Kila kishada hukatwa kwa mkono. Msomaji aliyezoea zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, ajue kuwa huku mzabibu hulala majira yote ya baridi bila jani hata moja, na mavuno ni mara moja tu, Septemba hadi Oktoba.

Zabibu nyekundu zinahitaji joto ili ganda lishike rangi na ukali wa tindikali upungue. Joto hilo bonde linalipata kwa mawe. Udongo umejaa vipande vyeusi, bapa, vinavyofyonza jua la mchana na kulirudisha usiku, na milima yenyewe inakinga upepo.

Aina inayotawala ni Pinot Noir, ambayo Wajerumani huiita Spätburgunder. Asili yake ni Burgundy, Ufaransa, ambako mwaka 1395 mtawala Philippe le Hardi aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe ili Pinot ibaki na heshima yake. Huiva mapema, na ndiyo maana inaiweza nchi ya baridi. Ganda lake ni jembamba, kwa hiyo rangi ni nyepesi: inua glasi kwenye mwanga, utaviona vidole vyako upande wa pili. Ukakasi ni mdogo, uchachu uko wazi, harufu ni ya cheri. Ukikaa miaka, mvinyo unaanza kunukia majani yaliyolowa mvua. Anayependa utamu wa mvinyo wa Dompo huenda asiuelewe kwa glasi ya kwanza. Ajaribu ya pili.

Miongo kadhaa nyuma, mvinyo mwingi wa hapa ulikuwa mtamu na mwepesi, wa kuuzia watalii wa siku moja. Miongoni mwa waliougeuza ni Werner Näkel wa kijiji cha Dernau, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu. Kuanzia miaka ya 1980 alitengeneza mvinyo mkavu uliokomazwa katika mapipa ya mwaloni, na sifa za bonde zikavuka mipaka.

Kisha ukaja usiku wa Julai 14, 2021. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 130 katika bonde hili peke yake. Meike na Dörte, mabinti wa Näkel wanaoendesha shughuli za familia, walisombwa na maji wakang'ang'ania mti kwa saa nyingi hadi walipookolewa. Mizabibu ya milimani ilisalimika kwa sehemu kubwa. Maghala ya mabondeni yalijaa tope, mapipa yakaelea. Wakulima kutoka mabonde mengine ya Ujerumani walikuja kusaidia, kazi ya mashambani isisimame. Chupa zilizofukuliwa ziliuzwa hivyohivyo, bila kuoshwa, na zikachangisha zaidi ya euro milioni 4.

Moyo wa kusaidiana hapa si mgeni. Ushirika wa wakulima wa zabibu wa Mayschoß ulianzishwa mwaka 1868, na unahesabiwa kati ya vyama vya aina hiyo vikongwe zaidi duniani. Wakulima wetu wa Dodoma wangenufaika kuusoma kwa karibu.

Anayekuja Ujerumani vuli atenge siku moja kwa Ahr. Asiyetumia kileo naye asibaki nyuma: kuna njia ya miguu ya kilomita 35 hivi, kutoka Bad Bodendorf hadi Altenahr, inayopita katikati ya mashamba yenyewe.